Mwongozo wa kuvua samaki kwa boti ndogo katika maziwa ya Kawartha na Muskoka, Ontario

Kila mwaka barafu inapoyeyuka na familia zetu za Toronto, Hamilton na Kitchener zinapoanza kukodi nyumba za mapumziko ziwani, maswali huwa yaleyale. Je, mashine ndogo ya betri nayo inahitaji kadi? Mama aliyekuja kututembelea kutoka Tanga anaruhusiwa kutupa mshipi? Nikikamata samaki wa sentimita 52, nimchukue au nimrudishe majini? Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa utaratibu, tangu ukiwa nyumbani hadi boti inaporudi juu ya trela. Unamhusu mtu anayetumia boti isiyozidi mita 6, yenye mashine ya nyuma, katika maziwa ya ukanda ambao wenyeji wa Ontario huuita nchi ya kotiji: Kawartha kuzunguka Peterborough, Haliburton, na Muskoka kuanzia Gravenhurst kwenda kaskazini.

Maswali mengi ninayopokea ni ya karatasi na faini. Karatasi ni muhimu, na nitazieleza, lakini kinachoua watu katika maziwa haya ni maji baridi. Nalisema hili hasa kwa wale tuliokulia pwani au kando ya Ziwa Victoria, kwa sababu sisi ndio tunaojiamini kupita kiasi. Bahari ya Tanga au Mombasa mara chache hushuka chini ya nyuzi 24 za Selsiasi, na mtu akianguka humo hucheka, akaogelea. Mwezi Mei katika maziwa ya Muskoka hewa inaweza kuwa nyuzi 22, watu wamevaa fulana, ilhali maji yako chini ya nyuzi 10. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, aliyetafiti mwili wa binadamu katika baridi kwa miaka mingi, hufundisha hesabu rahisi ya moja, kumi, moja: una dakika 1 ya kutuliza pumzi inayokimbia bila hiari yako, una dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na una takribani saa 1 kabla ya baridi kukupotezea fahamu. Wengi hawafiki kwenye saa hiyo, kwa kuwa huzama katika ile dakika ya kwanza wakiwa bila jaketi. Tena maji baridi yasiyo na chumvi hayamwinui mtu kama bahari inavyomwinua, hivyo usipime uwezo wako wa hapa kwa kuogelea kwako kwa kule.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Sheria za Kanada zinataka boti yenye mashine isiyozidi mita 6 iwe na vifaa vifuatavyo, na askari wa majini anaweza kuvidai wakati wowote:

- Jaketi okozi moja kwa kila mtu, linalomtosha kwa umbo na uzito, lenye lebo ya kuidhinishwa nchini Kanada. Jaketi la baba halihesabiki kuwa la mtoto.
- Kamba ya kuelea ya kumrushia mtu aliyeanguka, yenye urefu usiopungua mita 15.
- Kasia au kafi, au badala yake nanga yenye kamba au mnyororo usiopungua mita 15. Mimi nashauri uwe navyo vyote viwili, maana nanga haikufikishi ufukweni na kasia halikushikilii penye upepo.
- Upo, yaani kopo la kutolea maji yaliyoingia botini, lenye ujazo usiopungua mililita 750, au pampu ya mkono.
- Tochi isiyoingia maji, au fataki tatu za kuomba msaada.
- Filimbi au honi.
- Taa za chombo, ikiwa utakuwa majini baada ya jua kuzama, kabla halijachomoza, au penye ukungu.
- Kizima moto cha daraja la 5BC, ikiwa tangi la mafuta limejengwa ndani ya boti, au mashine iko ndani, au unabeba jiko la mafuta au gesi.
- Ngazi au kifaa kingine cha kupandia, ikiwa ukingo wa boti uko juu ya maji kwa zaidi ya nusu mita.

Zaidi ya hayo, beba simu ndani ya mfuko usioingia maji, nguo kavu katika mfuko uliofungwa, kisu, koleo la kutolea ndoana, na rula au utepe wa kupimia samaki. Vya uvuvi vyenyewe ni vichache: fimbo moja yenye gurudumu la mshipi, ndoana, vyubwi, chambo, na wavu wa mkono wa kumtolea majini samaki aliyekwisha kunaswa. Wavu wa kutega au wa kutupa uuache nyumbani, kwa sababu samaki wanaoelezwa humu huvuliwa kwa mshipi tu.

Kuhusu majaketi yanayojijaza hewa, wengi huyanunua kwa kuwa ni mepesi. Jaketi la aina hiyo huhesabiwa pale tu unapokuwa umelivaa. Likiwa chini ya kiti, kisheria ni kama huna kitu. Aliye chini ya miaka 16 au chini ya kilo 36.3 haruhusiwi kulitumia.

Hatua kwa hatua

1. Pata kadi ya kuendesha boti. Yeyote anayeshika usukani wa boti ya burudani yenye mashine lazima awe na uthibitisho wa kuwa anajua kuiendesha, na kwa watu wengi uthibitisho huo ni Kadi ya Mwendesha Chombo cha Starehe. Tangu Septemba 15, 2009 sharti hili linamhusu kila mtu, na linahusu mashine za ukubwa wowote, pamoja na ile ndogo ya betri inayofungwa pembeni mwa mtumbwi. Mtihani una maswali 50, unaweza kuufanya mtandaoni kwa mtoa mafunzo aliyeidhinishwa na Wizara ya Uchukuzi ya Kanada, na unafaulu kwa asilimia 75. Ukikodi boti kwa mfanyabiashara wa boti, fomu ya ukaguzi wa usalama mtakayoijaza pamoja hutosha kwa kipindi cha kukodi tu. Tatizo ni nyumba za mapumziko ambamo boti imeachwa gatini kama sehemu ya samani, na mwenye nyumba hakukupa fomu wala maelezo yoyote. Katika hali hiyo usipokuwa na kadi, huna uthibitisho. Fanya mtihani mapema, majira ya baridi, ukiwa na muda.

   Watoto nao wana mipaka yao. Aliye chini ya miaka 12, akiwa peke yake, hawezi kuendesha boti yenye zaidi ya nguvu za farasi 10. Wa miaka 12 hadi kabla ya 16 anaishia nguvu za farasi 40. Na chombo cha majini cha kukaliwa kama pikipiki hakiendeshwi kabisa na aliye chini ya miaka 16. Ikiwa boti ni yako na mashine inafikia nguvu za farasi 10 au zaidi, isajili upate namba, uiandike pande zote mbili za omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, kwa herufi zenye kimo kisichopungua sentimita 7.5 na rangi inayoonekana wazi. Mashine ya 9.9 iko chini ya mpaka huo.

2. Pata leseni ya kuvua. Hii ni karatasi nyingine kabisa, nayo hutolewa na mkoa wa Ontario. Mkazi wa Ontario mwenye umri wa miaka 18 hadi 64 anahitaji Kadi ya Nje (Outdoors Card), inayodumu miaka 3, pamoja na leseni. Leseni ziko za aina mbili: ya kawaida, yenye idadi kubwa ya samaki, na ya uhifadhi, iliyo nafuu lakini yenye idadi ndogo. Anayetaka kujaribu mara moja tu anaweza kununua leseni ya siku moja, isiyohitaji kadi. Kisheria, mkazi wa Ontario ni mtu mwenye makazi yake makuu hapa na ambaye ameishi hapa angalau miezi 6 mfululizo katika miezi 12 iliyopita. Aliyewasili mwezi uliopita asijaze fomu kana kwamba ni mkazi.

   Sasa nalijibu swali la mama wa Tanga. Wakazi wa Kanada walio chini ya miaka 18 au wenye miaka 65 na zaidi huvua bila kununua leseni, wakibeba kitambulisho kinachoonyesha jina na tarehe ya kuzaliwa. Msamaha huo ni wa wakazi. Bibi mwenye miaka 70 aliyekuja kwa viza ya matembezi anahitaji leseni ya wasio wakazi wa Kanada, hata kama atatupa mshipi mara moja tu ili apigwe picha. Mjukuu wake aliyekuja naye, akiwa chini ya miaka 18, anaweza kuvua bila leseni akiandamana na mtu mwenye leseni, na samaki atakaowachukua wahesabiwe katika idadi ya mwenye leseni huyo. Abiria asiyegusa fimbo hahitaji chochote.

3. Jua kanda yako na samaki wako kabla hujaondoka nyumbani. Ontario imegawanywa katika kanda 20 za uvuvi. Maziwa ya Kawartha yako kanda ya 17, na Muskoka na Haliburton ziko kanda ya 15. Kila kanda ina misimu, idadi na vipimo vyake, na yapo maziwa yenye masharti yao ya pekee ndani ya kanda. Fungua muhtasari wa kanuni wa mwaka huu, soma kanda yako, kisha soma orodha ya maziwa yenye masharti tofauti. Usitegemee alichokuambia rafiki aliyevua mwaka juzi.

   Mifano miwili itakuonyesha uzito wa jambo hili. Wolai, samaki mwenye mboni zinazong'aa usiku na mnofu mtamu kuliko wote wa hapa, katika kanda ya 17 hufunguliwa Jumamosi ya pili ya Mei, na anayechukuliwa ni yule mwenye urefu wa sentimita 35 hadi 50 tu. Wa 34 anarudi majini, na wa 52 anarudi vilevile, hata kama ndiye mkubwa uliyewahi kumwona. Wavuvi wa Ziwa Victoria hawatashangaa, kwa kuwa wanaikumbuka kanuni ya sangara wa sentimita 50 hadi 85, na sababu ni moja: mkubwa ndiye mama wa mayai mengi. Maski, jitu la maziwa haya, katika kanda hiyohiyo hachukuliwi mpaka apite sentimita 112, na mwenye leseni ya uhifadhi hamchukui kabisa.

   *Onyo:* samaki ambaye msimu wake umefungwa huruhusiwi hata kumlenga, ukidai kwamba utamwachia. Akija kwa bahati mbaya, mwachie papo hapo.

4. Kagua boti ikiwa bado nchi kavu. Tafuta kibandiko cha uwezo karibu na kiti cha nahodha. Kinaeleza idadi ya watu, uzito wote, na nguvu ya juu ya mashine. Idadi ile imekadiriwa kwa siku tulivu. Ukiwa na watu wazima wanne wanene, sanduku la barafu, betri na chungu cha pilau, boti ya watu wanne tayari imezidiwa. Panga uzito katikati na chini. Jaza tangi la mafuta linalohamishika likiwa juu ya gati, kamwe lisiwe ndani ya boti, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama sakafuni ukingoja cheche. Hesabu ya mafuta ni theluthi moja ya kwenda, theluthi moja ya kurudi, na theluthi moja ya akiba.

   Kisha tazama kizibo cha tundu la kutolea maji nyuma ya boti. Sheria, kama nitakavyoeleza katika hatua ya 10, hutaka tundu hilo liwe wazi boti inapokuwa barabarani, na ndiyo sababu watu wengi husahau kukirudisha. Mimi mwenyewe nilikisahau katika Ziwa Sturgeon, nikashangaa kwa nini boti ni nzito kuondoka, hadi nilipoona viatu vya mwanangu vinaelea. Tangu siku ile kizibo changu hulala juu ya kiti cha dereva wa gari, ili nisiweze kuketi bila kukiona.

5. Mwachie mtu maelezo ya safari. Mwandikie mtu aliyebaki nchi kavu jina la ziwa, mahali mnapoanzia, mnakokusudia kuvua, idadi yenu, rangi ya boti, na saa ya kurudi. Mwambie pia afanye nini saa hiyo ikipita: apige simu 911. Ujumbe wa "tumeenda kuvua, tutarudi jioni" haumsaidii mwokoaji yeyote, kwa kuwa eneo hili lina mamia ya maziwa.

6. Vaa jaketi, keti, funga kamba ya kuzimia mashine. Sheria inataka jaketi liwemo botini. Busara inataka liwe mwilini na limefungwa. Katika maji baridi hutapata nafasi ya kulivaa ukiwa umeshaanguka, kwa kuwa dakika ya kwanza yote utakuwa unapigania pumzi. Ile kamba nyekundu iliyojisokota kwenye mashine ifungwe kwenye mkono au jaketi la anayeendesha, ili akianguka mashine izimike papo hapo, boti isizunguke na kumrudia na panga za propela. Ingia botini ukipitia katikati, ukiwa umeinama, mikono ikiwa mitupu. Vitu upewe baadaye.

7. Endesha kwa sheria ya njia. Katika Ontario mwendo wa juu ni kilomita 10 kwa saa ndani ya mita 30 kutoka ufukweni, isipokuwa pale alama zinaposema vinginevyo. Mkikutana uso kwa uso, kila mmoja aende kulia. Chombo chenye mashine kikija kutoka upande wako wa kulia, wewe ndiye wa kumpisha. Mashine humpisha apigaye makasia na atumiaye tanga, na anayepita mwenzake ndiye wa kujihadhari. Unawajibika kwa mawimbi unayoyaacha nyuma, yakigonga magati ya watu au kupindua mtumbwi wa jirani.

   Boya jekundu liwe kulia kwako unapopanda kuelekea chanzo cha maji, na la kijani liwe kushoto. Ukirudi, ni kinyume chake. Njia ya maji ya Trent-Severn, yenye kilomita 386 kutoka Ziwa Ontario hadi Ghuba ya Georgian, huwachanganya wengi, kwa sababu sehemu yake ya juu kabisa iko Ziwa Balsam. Ukishapita lifti ya boti ya Kirkfield unaanza kuteremka, na rangi hugeuka upande. Boya jeupe lenye almasi ya rangi ya chungwa ni hatari, na likiwa na msalaba ndani ya almasi maana yake usiingie. Muskoka ina miamba ya granaiti inayojificha sentimita chache chini ya maji, mbali na ufuko, mahali ambapo hungetegemea kuikuta. Kawartha ni maji mafupi yenye majani mengi, na Ziwa Rice, kwa ufupi wa maji yake na urefu wake unaoelekeana na upepo wa kusini-magharibi, hugeuka bahari ndani ya nusu saa.

   *Onyo kuhusu pombe:* katika boti ndogo pombe hainywewi, boti iwe inakwenda au imetia nanga. Ontario huruhusu kunywa katika chombo chenye vitanda, jiko na choo vya kudumu tu, tena kikiwa kimefungwa gatini au kimetia nanga. Anayekamatwa akiendesha boti amelewa hupoteza leseni ya gari pia. Mwenye kazi ya udereva wa lori au teksi alifikirie hilo vizuri.

8. Tia nanga kwa omo, kisha vua. Nanga ifungwe mbele daima. Ikifungwa nyuma kwenye tezi, ambako mashine tayari imeilemea boti, mawimbi huingia kwa nyuma na boti huzama imesimama palepale. Toa kamba ndefu, mara tano hadi saba ya kina cha maji. Katika maji yasiyo na barafu kila mtu anatumia mshipi mmoja tu. Fimbo ya pili iliyotegwa pembeni ni kosa, hata kama mwenyewe amelala. Msisimame wote upande mmoja samaki mkubwa anapofika. Mmoja ashike fimbo, mmoja ashike wavu, wengine waketi.

   Kuhusu chambo, nyungunyungu wanatosha kwa anayeanza. Ukitaka samaki wadogo hai au ruba, nunua karibu na ziwa unalovua na utunze risiti, maana tangu 2022 chambo cha aina hiyo hutumika ndani ya eneo kilikotoka tu. Mahali pengine samaki hai wa chambo hawaruhusiwi kabisa, kwa mfano katika Hifadhi ya Algonquin. Chambo kilichobaki, pamoja na maji yake, hakimwagwi ziwani wala ndani ya mita 30 kutoka majini.

9. Pima, hesabu, amua haraka. Lowesha mikono kabla ya kumshika samaki, mlaze juu ya rula, na amua ndani ya sekunde chache. Samaki uliyemweka kwenye mtungo amekwisha kuwa wako. Hata ukimwachia baadaye kwa kuwa umepata mkubwa zaidi, bado anahesabiwa katika idadi yako ya siku. Kwa samaki wengi, idadi unayoruhusiwa kumiliki ni ileile ya siku moja, na waliomo kwenye friza nyumbani wanahesabiwa. Hapa ndipo familia nyingi hukosea: wanavua idadi kamili Ijumaa, wanaigandisha, kisha wanavua tena Jumamosi.

   Usikate minofu ukiwa bado unavua. Unapowapakia kwa safari ya nyumbani, acha kipande cha ngozi kwenye kila mnofu ili aina ya samaki itambulike, na uwapange wakihesabika. Bonge moja lililoganda halihesabiki. Samaki wa leseni ya burudani hauzwi, hata kwa jirani anayekulilia. Kabla ya kuwalisha watoto na wajawazito, angalia mwongozo wa serikali ya Ontario wa kula samaki, unaoonyesha ziwa kwa ziwa ni milo mingapi kwa mwezi iliyo salama kwa sababu ya zebaki. Kwa kawaida wadogo ni salama kuliko wakubwa.

10. Ondoka ukiwa mkavu. Tangu Januari 1, 2022, kabla ya kusafirisha boti barabarani unatakiwa kung'oa kizibo, kumwaga maji yote, na kuondoa majani na viumbe kwenye boti, mashine na trela. Kome wenye mistari, ambao walikuja Maziwa Makuu kutoka bara la Ulaya na sasa wamejaa Kawartha, husafiri hivyo kutoka ziwa hadi ziwa, na miguu ya watoto iliyochanika kwenye magati ni kazi yao.

Mambo yakiharibika

*Mashine haiwaki.* Usivute kamba mara hamsini. Angalia kwanza kama klipu ya kamba ya kuzimia imekaa mahali pake, kama gia haiko mbele wala nyuma, kama skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi imefunguliwa, na kama lile pera la mpira kwenye bomba la mafuta limeminywa hadi likawa gumu. Ukinusa petroli nyingi, mashine imejaa mafuta kupita kiasi. Ngoja dakika kumi. Wakati huo tia nanga, ili upepo usikupeleke miambani.

*Mashine inanguruma lakini boti haiendi.* Mara nyingi ni majani yaliyojiviringisha kwenye propela. Zima, inua mashine, yatoe kwa mkono. Ikiwa propela ni safi lakini haizunguki, pini yake imekatika baada ya kugonga jiwe. Mashine ndogo nyingi za zamani zina pini hiyo, nayo ya akiba hugharimu kidogo sana.

*Nanga imenasa.* Usiivute kwa nguvu ya mashine kutoka nyuma. Legeza kamba, izunguke polepole, uivute kutoka upande ulio kinyume. Ikikataa na mawimbi yanapanda, ikate.

*Radi imesikika.* Ukiisikia, iko karibu vya kutosha kukufikia. Rudi mara moja, laza fimbo, na usingoje samaki wa mwisho. Ukinaswa na mawimbi njiani, punguza mwendo, waketishe watu sakafuni, na uyakate mawimbi kwa mshazari ukitumia omo, wala usiyape ubavu.

*Mtu ameanguka majini.* Piga kelele, mmoja amwonyeshe kwa kidole bila kumwondolea macho, mrushieni kamba. Mkaribieni polepole mkitoka upande ambako upepo unaelekea, na mashine izimwe kabisa kabla hajafika karibu na nyuma. Asivuliwe majini kwa kuvutwa ubavuni na watu wote kwa pamoja, kwani hivyo ndivyo anayeanguka mmoja wanavyokuwa wanne.

*Boti imepinduka.* Kaeni nayo. Boti ndogo nyingi huelea hata zikijaa maji, na mwokoaji huiona boti kabla hajaona kichwa. Pandeni juu yake kadiri mwezavyo. Asiyeweza kupanda akunje magoti kifuani na kukumbatia mikono. Ufuko unaoonekana karibu huwa mbali kuliko unavyodhani.

*Ndoana imezama mwilini.* Ikiwa ni kwenye kidole na ncha imepita, kata ncha kwa koleo, uirudishe nyuma. Ikiwa karibu na jicho, usiiguse. Ifunike na umpeleke hospitali.

*Ofisa wa uhifadhi amekuja kando ya boti yako.* Hili huwatisha wageni bila sababu, na wapo wanaoongeza mwendo kwa woga, wakajitafutia kosa ambalo hawakuwa nalo. Weka gia huru, mketi wote, mikono ionekane. Anayo haki ya kukagua samaki na vifaa. Mpe kadi, leseni na risiti ya chambo, mfungulie sanduku la barafu, kisha uendelee kuvua.